Akina Mama Walioshika Bunduki Dahomey

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa akina mama na wazee.)



Juma lililopita, papa hapa, mzee wetu mmoja alisimama akasema kuwa vita ni kazi ya wanaume tangu dunia iumbwe, na mwanamke kazi yake ni kupika na kulia matangani. Watu walicheka. Mimi sikucheka, wala sikumjibu, maana mzee hajibiwi kwa makelele. Leo naomba nimjibu kwa heshima, na ushahidi wangu nautoa Dahomey, nchi ya Afrika ya Magharibi ambayo tangu mwaka 1975 inaitwa Benin.

Mji mkuu wa ufalme huo ulikuwa Abomey. Mfalme Gezo, aliyetawala tangu 1818 hata 1858, alikuwa na jeshi la wanawake, maelfu kwa hesabu. Sisemi wanawake wa kubeba chakula nyuma ya askari. Nasema askari hasa, wenye sare, wenye vikosi na wakubwa wao wanawake, wenye magobori na mapanga. Kilikuwapo hata kikosi cha wawindaji wa tembo. Kwa lugha yao ya Kifon waliitwa Mino, yaani Mama Zetu. Wazungu wakawapa jina la Amazoni kutoka hadithi za Wayunani, kana kwamba jina lao halikutosha. Mwaka 1861 padre mmoja Mwitaliano, Borghero, aliwaona mazoezini wakiparamia boma la miiba kwa miguu mitupu.

Lakini walilipa. Kwa desturi walihesabiwa kuwa wake za mfalme, wakakaa ndani ya jumba lake, na hawakuruhusiwa kuwa na mwanamume mwingine.

Sasa, ndugu zangu, nisiwafiche neno. Jeshi hili halikupigania haki siku zote. Dahomey ilitajirika kwa kuuza watu. Mateka waliokamatwa na mama hawa pamoja na wenzao wanaume waliteremshwa mpaka bandari ya Ouidah, wakapakiwa merikebuni. Mwaka 1851, na tena 1864, waliushambulia mji wa Abeokuta, kwao Waegba. Mara zote mbili walishindwa vibaya, na Waegba walikuwa na haki ya kushangilia. Anayewasifu mama hawa akaliruka jambo hili, huyo hasifu, anadanganya.

Kisha zamu ya kuvamiwa ikawafikia wao. Tarehe 4 Machi 1890 walipambana na Wafaransa Cotonou. Mwaka 1892 Wafaransa wakarudi kwa nguvu zaidi chini ya Dodds, mzaliwa wa Senegal, na katika askari wake walikuwamo Waafrika wengi; jambo hilo nalo lina uchungu wake. Walikuja na mizinga, bunduki za kufyatua risasi mfululizo, na manowari zilizopanda mto Ouémé. Akina mama wakawaendea hata karibu ya ncha za singe. Maofisa wa Kifaransa wenyewe waliandika habari za ushujaa wao, na adui hana sababu ya kukupamba. Novemba 1892 Abomey ikatwaliwa, majumba yakiwaka moto kwa amri ya Mfalme Béhanzin mwenyewe. Alijisalimisha Januari 1894, akahamishwa Martinique, akafa Algeria mwaka 1906. Jeshi la akina mama likawa limekwisha.

Mwaka 2022 serikali ya Benin ilizindua mjini Cotonou sanamu ya askari mwanamke, urefu wake mita 30. Kilomita 40 hivi kutoka hapo, pwani ya Ouidah, lipo lango lililojengwa kuwakumbuka waliouzwa ng'ambo. Atakayejaliwa kufika huko ayaone yote mawili kwa safari moja.

Mzee wangu, nimemaliza. Kama una swali, niko hapa.