UJUMBE WA TAWI: Deni la serikali halina dalali

(Hotuba yetu ya mkutano wa Jumamosi, kwa waliokosa kufika.)



Mkulima akishindwa kulipa mkopo, mnajua kinachofuata. Dalali hufika alfajiri, na ng'ombe huondoka. Mdaiwa akiwa serikali, mambo ni tofauti. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, kinakataza kukamatwa kwa mali yake, na kinga hiyo inazifunika hata kaunti. Aliyeshinda kesi hupewa cheti cha deni, akangoja. Asipolipwa, hurudi kortini kuomba afisa husika aamrishwe kulipa. Kesi juu ya kesi, nauli juu ya nauli.

Ndivyo walivyozungushwa wazee walioteswa katika seli za chini ya Nyayo House miaka ya 1980, wengine wakifungiwa ndani ya maji. Mahakama zilikubali kwamba waliteswa na kuamuru fidia. Wako waliozikwa kabla ya kuiona. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa wa dhuluma za zamani, itolewe kwa miaka 3. Miaka hiyo 3 ikaisha, fedha hazijawafikia.

Kuna aliyetuuliza Jumamosi: haya na pensheni yanahusiana vipi? Mfanyakazi wa kaunti hukatwa mshahara kila mwezi, na karatasi ya mshahara inaonyesha. Lakini kaunti kadhaa zimekalia makato hayo bila kuyapeleka kwenye mifuko ya pensheni, na deni limefika mabilioni. Anayestaafu ndiye hugundua, akiwa hana tena nguvu ya kupiga foleni. Pesa hizo ni jasho lake, si msaada wa mtu.

Msimamo wetu: fidia zilizoamuliwa na makato yasiyowasilishwa yatengewe fungu lake kwenye bajeti, yalipwe kabla ya magari mapya. Makadirio ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Wawakilishi wadi wa chama chetu nao tutawauliza walipigaje kura. Hatutawaficha kwa sababu ni wetu.

Walioajiriwa na kaunti, ombeni taarifa ya michango kutoka kwa mfuko wenu, mlinganishe na karatasi za mshahara. Mwezi ukikosekana, mlete nakala zote mbili kwa katibu wa tawi. Tutaandika malalamiko kwa RBA pamoja. Msizitume kwenye kundi hili, zina nambari zenu za vitambulisho.