Akiba ya uwanjani huoza

Wiki hii tuzungumzie benchi.

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vya Kibaha Maili Moja na vya Kisarawe mjini huwa na ubishi mmoja: kati ya Simba na Yanga, nani ana kikosi kipana? Mmoja hutaja majina kumi, mwenzake humjibu kwa kumi na mawili, mpaka kahawa inapoa.

Lakini kikosi kipana si wingi wa majina. Kikosi ni kipana pale mchezaji wa kwanza anapoumia, akafungiwa kwa kadi au akahama, na wa pili akashika nafasi yake bila timu kuyumba.

Tutazame msimu wa 2022/23. Yanga ilicheza mechi 30 za Ligi Kuu. Barani Afrika ilicheza 18: nne za Ligi ya Mabingwa, ambako ilitolewa na Al Hilal ya Sudan, kisha 14 za Kombe la Shirikisho hadi fainali, ambako USM Alger ya Algeria ilitwaa kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Hizo ni mechi 48, na bado hatujahesabu Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, ambalo Yanga ililichukua. Mzigo huo hauwezi kubebwa na watu 11.

Msimu ulipokwisha, Fiston Mayele, aliyefunga mabao 17 ya ligi, alihamia Pyramids ya Misri. Wapo waliodhani Yanga imekwisha. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki akafunga mabao 21, na ubingwa ukabaki Jangwani. Huo ndio upana wa kikosi.

Sasa tugeuze upande wa pili. Tangu 2020 kanuni zimeruhusu wachezaji watano kuingia badala ya wenzao. Kabla ya hapo walikuwa watatu. Kumi na mmoja na watano ni 16. Klabu yenye wachezaji 30 ina 14 watakaomaliza siku bila kugusa mpira. Na kwa kuwa misimu ya karibuni klabu zimeruhusiwa kusajili wageni hadi 12, ambao hawakununuliwa kwa fedha nyingi ili waje kukaa, wanaobaki nje mara nyingi ni vijana wetu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa na maana ya fedha. Mchezaji wa akiba huoza. Mguu usiocheza mechi hupoteza wepesi, jicho husahau kasi ya mchezo, na moyo huanza kuogopa. Siku kocha anapomwita, baada ya miezi minane ya kusugua benchi, anakosea pasi mbili na jukwaa linamzomea. Hapo tunasema hana kiwango.

Nayasema haya nikimfikiria kijana wa Pwani. Kibaha ilikuwa na Ruvu Shooting, iliyokuwa na makao yake uwanja wa Mabatini, Mlandizi, na ambayo ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2023. Kijana wa Kisarawe huanzia mechi za mchangani na UMISSETA, kisha hupanda daladala kupitia Pugu kwenda kutafuta timu Dar es Salaam. Akiitwa na klabu kubwa, mtaa mzima hushangilia. Nani atamwambia kwamba huenda amesajiliwa ili tu asiende kwa mpinzani?

Kwa viongozi wa klabu zetu kubwa nasema hivi: kijana asiye na mechi mpelekeni kwa mkopo kwenye timu itakayomchezesha kila wiki, tena mumfuatilie. Akirudi, mtakuwa na mchezaji wa akiba kweli, na timu ndogo itakuwa imepata nguvu. Kumfungia ndani ni hasara kwa pande zote.

Kwa wazazi wa Kibaha na Kisarawe, kabla mtoto hajatia sahihi, ulizeni mambo matatu. Nafasi yake ina watu wangapi mbele yake? Asipopangwa kwa nusu msimu, mkataba unaruhusu atoke kwa mkopo? Na mshahara utalipwa hata asipocheza? Kiongozi mwenye nia njema atajibu bila kukasirika.

Jezi ya klabu kubwa ni heshima. Lakini umri wa mchezaji ni mfupi, na miaka miwili ya benchi akiwa na miaka 19 hairudishwi na mtu yeyote.