Kompyuta ya Kikundi Imfae Kila Mwanachama



Juzi nilitembelea akina mama wafugaji wa kuku. Kompyuta wanayo, lakini siku hiyo hesabu haikusomwa. Kijana aliyeizoea alipata kazi mjini, akaondoka na neno la siri kichwani. Mweka hazina akaniambia, "Mwalimu, mashine ni yetu, lakini inamjua yeye tu."

Basi tuongee juu ya mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoamka kwanza na kuongoza nyingine zote. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine.

Zamani, kwenye MS-DOS, mtu alikuta kioo cheusi, akaandika amri alizozikariri. Akikosea herufi moja, kazi imekataa. Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ilikuja na picha ndogo na kipanya. Mwaka 1995 Windows 95 ikaweka kitufe cha kuanzia pale chini pembeni. Siri yake ni nini? Kutambua kitu ukikiona ni rahisi kuliko kukikumbuka.

Lakini urahisi wa huyu si urahisi wa yule. Katibu aliyezoea hupenda njia za mkato. Mama ambaye macho yamechoka anataka herufi kubwa. Asiyeona anataka sauti ya kumsomea. Windows inayo, huitwa Narrator. Na mwenye mkono mmoja je? Abonyeze Shift mara tano. Windows itamwuliza kama anataka Sticky Keys. Akikubali, atabonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya viwili pamoja.

Mgeni naye asiogope kuharibu. Akikosea anapoandika, Ctrl na Z humrudisha nyuma.

Sasa, mkirudi nyumbani:

1. Kila mtumiaji awe na akaunti yake, aipange apendavyo. Hesabu ziwekwe kwenye folda ya pamoja ambayo viongozi wote wanaifikia.

2. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, likae ndani ya sanduku la pesa.

3. Mweka hazina akae peke yake mbele ya mashine, afungue hesabu. Wengine nyamazeni. Akikwama msimcheke, andikeni alipokwama. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Swali la kujadiliana: Anayeshika kompyuta yenu akiondoka kesho, nani atatusomea hesabu keshokutwa?