Mbeleko ni ya Wote: Kulinda na Kuendeleza Wazo la Bidhaa ya Familia

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya vikundi vya ujasiriamali vya akina mama)



Tumeombwa tuzungumzie namna ya kulinda wazo la bidhaa mpya. Tungeweza kuanza na sheria, lakini tunaona ni haki tuanze na kosa letu wenyewe, maana wengi wenu mmelisikia vipande vipande na kila mtu ana masimulizi yake.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu cha ushonaji alikuja ofisini na mbeleko. Haikuwa khanga ya kufunga fundo. Aliishona kwa kitambaa kizito cha jinzi, ikawa na mikanda mipana ya mabegani inayofungwa kifuani kwa bizimu kama zile za mabegi ya shule, ili mama anayepanda mlima na mzigo kichwani asilazimike kusimama kila mara kukaza. Ndani aliacha mikunjo ya kufumuliwa kadiri mtoto anavyokua. Juu alitia kifuniko cha mvua.

Tulifurahi mno, na furaha ndiyo iliyotuponza. Tulimpiga picha na mbeleko yake, tukaiweka picha hiyo katika taarifa ya mradi kwa wafadhili, kisha tukamshauri aende nayo kwenye maonyesho ya Nane Nane. Huko alimweleza kila aliyeuliza, hata namna ya kukata kitambaa. Mwaka uliofuata mbeleko ya namna ile ile ilikuwa imetundikwa kwenye vibanda vya soko. Ilikuwa nyepesi, mshono wake mmoja tu, na bei yake kikundi hakikuweza kuifikia. Mama yule hakutulaumu. Aliuliza tu, "Sasa mimi nifanyeje?" Siku ile hatukuwa na jibu.

Tulipoanza kulitafuta, jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba wazo lililo kichwani au mdomoni tu halilindwi na sheria. Linalolindwa ni uvumbuzi ulioelezwa kwa maandishi na michoro, kisha ukaombewa hataza. Kwa Tanzania Bara maombi hayo hupelekwa BRELA, chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na ulinzi waweza kufika miaka 20. Masharti yake ni kwamba uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angeliona mara moja, na uweze kutengenezwa. Neno "mpya" hapo lina uzito. Haitoshi kitu kiwe kipya wilayani kwetu. Hakina budi kuwa kipya duniani. Na ukishakionyesha hadharani kabla ya kuomba, upya huo waweza kupotea kwa mkono wako mwenyewe. Nane Nane ni hadharani. Picha iliyochapishwa ni hadharani pia.

La pili lilitushangaza zaidi. Tulitafuta kwenye intaneti, ambako hataza za nchi nyingi husomwa bure, tukakuta habari za Ann Moore, muuguzi Mmarekani aliyefanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wametulia. Aliporudi kwao na kujifungua, alijaribu kufunga vile vile, lakini mtoto aliteleza. Yeye na mama yake mzazi wakakaa wakashona mfuko wenye mikanda. Watu walipomwona nao barabarani walitaka wa kwao. Mwaka 1969 alipata hataza ya Marekani, na mfuko huo ukajulikana kwa jina la Snugli. Nao ulikuwa na mikunjo ya kufumuliwa mtoto anapokua.

Hebu fikirini! Mama wa kikundi chetu hakuwahi kusikia habari za Snugli. Alibuni kwa akili yake na kwa shida ya mlima wetu, lakini mikunjo ile ilikuwa imemtangulia kwa miaka mingi. Hata kama tungenyamaza na kuomba hataza mapema, kwa sehemu hiyo tungekataliwa. (Wapo watakaouliza kama akina mama wa Togo walipata chochote. Nasi tumeliuliza. Mbeleko yenyewe ni ya wote, hakuna awezaye kuimiliki. Alichomiliki Moore ni namna ya kuishona.) Habari njema ni kwamba hataza ile ilikwisha muda wake zamani, na maarifa yaliyomo yeyote aweza kuyatumia bila kumlipa mtu. Kwa hiyo tunawashauri mtafute kwanza. Mkikuta mmetanguliwa, mtakuwa mmeokoa fedha za maombi na kupata mwalimu wa bure.

Ni nini basi kilichobaki cha kulinda? Lilibaki jina. Mama yule alikuwa ameipa mbeleko yake jina zuri la lugha ya nyumbani, na wale wa sokoni hawakulichukua. Alama ya biashara husajiliwa BRELA pia, kwanza kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Unasajili kwa daraja la bidhaa. Mbeleko zimo daraja la 18, pamoja na mabegi. Mkumbuke kwamba usajili wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar. Huko kuna ofisi yake.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza. Jina lisajiliwe kwa nani? Mama alisema ni lake. Kikundi kilisema vitambaa na cherehani ni vya kikundi. Na sisi, tukubali tu, tulikuwa na karatasi za mradi zenye nembo ya dayosisi, ambazo zingeweza kusomwa kana kwamba kila kilichobuniwa ni chetu. Tulikaa vikao vinne. Mwishoni ofisi iliandika barua ya kutodai chochote, jina likasajiliwa kwa kikundi, na muhtasari ukawekwa sahihi kwamba mbuni atapata shilingi 500 kwa kila mbeleko inayouzwa, hata akihama kikundi. Mkataba wa namna hiyo uandikwe kabla fedha hazijaingia. Zikishaingia, hakuna atakayekumbuka sawasawa nani alisema nini.

Kuhusu kuiendeleza bidhaa, tutasema moja tu, kwa kuwa hii ni bidhaa inayobeba uhai. Machi 2010 kampuni moja ya Marekani iliondoa sokoni takriban mikoba milioni 1 ya kubebea watoto baada ya vifo vya watoto 3. Mtoto mchanga akijikunja kidevu kikagusa kifua, au pua ikizibwa na kitambaa, hukosa hewa kimya kimya. Tulipoitazama upya mbeleko yetu, tuliona kifuniko cha mvua kinamfunika mtoto uso. Kile tulichokisifia kuliko vyote ndicho kilichokuwa na hatari. Mama mwenyewe alikikata na kukishona upya juu ya fito mbili nyembamba, kisiguse uso. Aidha akapanua sehemu ya makalio ili mapaja yakae wazi na magoti yawe juu kidogo, kama mtoto anavyokaa kwenye khanga. Wanaotaka alama ya ubora ya TBS waanzie SIDO ya mkoa, wapate ushauri na barua ya utambulisho.

Mbeleko za kikundi bado ni ghali kuliko zile za vibandani, na zipo miezi ambayo hazitoki. Hatutawaficha hilo.

Mchana huu kila kikundi kitapewa daftari lenye kurasa zilizoshonwa. Andikeni tarehe, michoro, na sahihi ya shahidi mmoja. Daftari si hataza, lakini husaidia kuonyesha nani alianza na lini. Wenye kitu cha kutuonyesha tutawaona mmoja mmoja ofisini baada ya chakula. Tafadhali msikifungue hapa ukumbini, na safari hii hatutapiga picha.