Si Kila Doa Juu ya Jani ni Ugonjwa
Mazungumzo kwa wakazi wanaopakana na Msitu wa Kakamega



Majani ya miti mingi ndani ya msitu huwa na madoa ya kijivu, meupe au ya kijani. Mengi ya madoa hayo ni likeni, yaani kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu humpa makao. Kwa kawaida jani ni kiwanja tu, haliliwi.

Je, wataalamu huzitofautishaje? Rangi haitoshi, kwani hubadilika kwa kivuli na unyevu. Mwaka 1952, Rolf Santesson wa Sweden alizipanga likeni za majani kwa kufuata viungo vya uzazi vya kuvu, na jina la likeni ni jina la kuvu wake. Nyingine zina visahani vilivyo wazi. Nyingine zina vichupa vyenye tundu dogo juu. Baadaye Antonín Vězda wa Czechoslovakia alionyesha umuhimu wa vinyweleo vinavyobeba mbegu za kuvu. Sporopodium nayo ina vijikofia vinavyofanana na sikio. Vyote hivi huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia.

Viungo hivyo huwa vingi kwa sababu jani halidumu. Likeni isiyozaa mapema huanguka pamoja na jani.

Mkulima ananufaikaje? Chukua Strigula, ambayo hukaa chini ya ngozi ya nta ya jani. Mwani wake ni Cephaleuros, jamii ile ile ambayo ikiishi peke yake huleta kutu nyekundu kwenye chai. Anayeona doa akakimbilia pampu ya dawa huenda akapoteza fedha zake bure, na anayepuuza kutu ya kweli hupoteza mavuno. Kwa hiyo jani lenye shaka lipelekwe kwanza kwa afisa wa kilimo wa wadi, kabla ya kununua dawa.

Kuna na jambo la pili. Likeni nyingi za majani zinahitaji kivuli na unyevu wa msitu. Miti mikubwa ikikatwa, jua na upepo hupenya, nazo huwa miongoni mwa viumbe vya kwanza kutoweka. Anayezijua kwa majina huweza kutambua mapema msitu unapoumia.