Nyuki Hajui Mpaka wa Shamba

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama na kwa viongozi wa vijiji



Leo nitazungumza juu ya nyuki. Msinicheke. Kuna baraza moja ambamo wazee waliniita kwa sababu nimesoma sheria, na humo niliona nyuki wakikaribia kuvunja kijiji.

Mambo yalikuwa hivi. Baba mmoja aliyehama na familia yake alikuwa na mtoto mgonjwa, wala hakuwa na kitu cha kuuza. Usiku akaenda kwenye mti wenye nyuki, akawasha majani makavu, akatoa asali. Moto ukamshinda. Ukala mihogo ya jirani pamoja na mizinga yake miwili. Asubuhi mwenyeji akasema: "Tuliwapa mahali pa kulala, nanyi mnatuchomea. Ondokeni wote!" Waliohama nao wakajibu kwamba mti wa porini hauna mwenyewe, na asali ni ya Mungu. Ndugu zangu, mtu mmoja alikosa, na kufika saa nne watu wote walikuwa wamekwisha kuhukumiwa.

Kwanza tuwatazame nyuki wenyewe. Katika mzinga mmoja wanakaa maelfu na maelfu. Malkia ni mmoja, na kazi yake ni kutaga mayai. Wafanyakazi wote ni majike. Akiwa mdogo, nyuki anasafisha nyumba, kisha analisha watoto, anajenga nta, analinda mlango, na mwisho anatoka kutafuta chakula. Wakati wa kazi nyingi haishi zaidi ya majuma 6 hivi. Asali anayoiacha katika maisha yake yote haijazi kijiko cha chai. Basi anayechoma mzinga kwa usiku mmoja anaharibu jasho la vizazi vingi.

Tena nyuki wetu wa Afrika hawavumilii kuonewa. Wakichomwa, wale wanaopona wanahama wote. Ninyi mlioacha nyumba zenu zikiwaka mnaelewa habari hiyo kuliko mimi. Aliyechoma anapata asali mara moja tu. Mwaka ujao mti ni mtupu.

Na si asali peke yake inayopotea. Mama anayelima maboga anajua kwamba boga lina maua ya namna mbili, dume na jike. Ua linafunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kujifunga. Nyuki na wadudu wenzake wasipopita asubuhi ile kuchukua unga wa ua dume na kuupeleka kwenye ua jike, kiboga kidogo kinageuka manjano na kuanguka. Watu husema jua limekichoma, au jirani ana jicho baya. Mara nyingi ni nyuki aliyekosekana. Naye nyuki huruka kilometa 3 na hata zaidi kutafuta chakula. Hajui mpaka wa shamba, wala haulizi kama mwenye ua ni Mbembe, Mbuyu, Mfuliiru au Munyamulenge. Nyuki wa mwenyeji ndiye anayezalisha maboga ya mama aliyehama.

Sasa sheria. Je, mti wa porini hauna mwenyewe? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Lakini mzinga umetengenezwa kwa mikono ya mtu, na mihogo imepandwa na mtu. Hiyo ni mali yake. Anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Hapo mwenyeji alikuwa na haki.

Lakini neno "ondokeni wote" halikuwa haki. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba mtu hawezi kushitakiwa wala kuhukumiwa kwa kosa la mwingine. Kosa lina mwenyewe. Halina kabila, halina kambi. Ni mara ngapi hapa kwetu ng'ombe mmoja au kuku mmoja amekuwa sababu ya kijiji kizima kukimbia?

Baraza lilikaa siku mbili. Yule baba alikiri mbele ya wote, akaomba radhi, akakubali kulima tena shamba lililoungua. Mzee mmoja aliyewahi kuishi ukimbizini huko Kigoma, aliyeona watu wa ng'ambo wakitundika mizinga ya magome mitini, akasema: "Mfundisheni, asichome tena." Wakatengeneza mizinga minne, miwili ya mwenyeji, miwili ya mgeni, wakaandika mapatano. Wengine walinung'unika kwamba mgeni anatafuta njia ya kuchukua ardhi. Mzee akajibu kwamba mtu akipanda michungwa, kesho atasema shamba ni lake. Lakini mzinga unatundikwa kwa kamba, na siku ya kurudi kwao ataushusha aende nao.

Mzinga mmoja ulikaa mtupu miezi mingi, na mdomo wa watu haukulala. Ile mingine ilipata nyuki. Mapatano yanashikwa hata leo.

Viongozi wetu, ninawaomba mambo matatu. Mwandike ni nani anaruhusiwa kutundika mizinga, na mahali gani, mbali na njia, shule na malisho ya ng'ombe. Mkataze kuvuna kwa moto; moshi kidogo unatosha, na sega lenye watoto liachwe. Na likitokea kosa, muulize kwanza "Ni nani aliyefanya?" kabla mtu hajauliza "Ni wa kabila gani?"

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Hawakusema mfuate na kiberiti.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika kijiji chenu, ni kosa gani la mtu mmoja lililobebeshwa watu wote? Lingeweza kuamuliwa namna gani?

2. Ni kazi gani wenyeji na waliohama wanaweza kuifanya pamoja bila kugombania ardhi?

3. Mapatano yenu yameandikwa, au yako mdomoni tu?