Juu ya Kuchimba Ming'oko na Kutwaa Dawa za Porini



Nimeombwa kusema nanyi maneno machache juu ya vyakula na dawa zitokazo porini, nami nimefurahi, maana tumo katika kiangazi, na huku kwetu Newala na Masasi kina mama wamekwisha kushika njia ya mwituni kwenda kuchimba ming'oko.

Kila mwenyeji wa kusini aijua ming'oko. Ni viazi vyembamba vya mmea upandao juu ya vichaka. Huchemshwa tu vikaliwa, na mwaka ambao muhogo umepunguka ndivyo viwekavyo chungu motoni. Kwa kuwa hakuna aliyevipanda, wengi hudhani hakuna awezaye kuvimaliza. Hilo ni kosa. Mvua zikiisha, majani ya mmea huo hukauka, nao hukaa chini ya ardhi ukingoja mvua nyingine. Kile kichwa kilichotoa shina ndicho kitakachochipua tena. Wachimbaji wa zamani walikata viazi, wakakiacha kichwa mahali pake, wakafukia shimo. Siku hizi, kwa kuwa ming'oko huuzwa sokoni, wako wang'oao vyote kwa haraka na kuacha shimo wazi. Nalipokuwa mtoto, bibi yangu alinirudisha mwendo wa nusu saa kwenda kufukia shimo moja. Nalilia njia nzima, lakini mwaka wa pili tulichimba pale pale.

Sasa nije kwenye jambo zito. Porini humo humo mna ndiga. Jani la ming'oko ni moja, lina umbo la moyo. Jani la ndiga limegawanyika sehemu tatu, na shina lake lina miiba. Walakini wakati wa kuchimba majani yamekwisha kauka, na hapo ndipo penye hatari. Sumu ya ndiga hushika mishipa ya fahamu, mtu akatetemeka na kupooza, hata kufa. Wazee waliila wakati wa njaa, lakini waliikata vipande vyembamba, wakailoweka siku kadha wa kadha katika maji yapitayo, kisha wakaianika. Jirani yetu mmoja aliiloweka usiku mmoja tu, maana watoto walikuwa wakilia njaa. Wawili walizikwa siku moja. Asiyefundishwa kazi hiyo asiiguse.

Juu ya dawa nitasema kwa ufupi. Achunaye gamba la mti kuuzunguka pande zote ameuua, kwa kuwa chakula kitengenezwacho na majani hushuka mizizini kwa njia ya gamba hilo. Wataalamu wanao mti mmoja wa milimani, jina lake Prunus africana, ambao gamba lake hununuliwa sana Ulaya kwa maradhi ya wanaume wazee. Ulichunwa hata mwaka 1995 mataifa yakauwekea masharti ya biashara. Basi mganga na achukue kipande upande mmoja, au majani yakitosha, majani.

Nawaomba walimu wawapeleke watoto porini pamoja na bibi mmoja ajuaye, katika mwezi wa Machi, majani yangali mabichi, wajifunze kupambanua ming'oko na ndiga. Nimekwisha kumwomba mama yangu. Amekubali, ila ataka kila mtoto aje na jembe lake.